Namba ya lebo haikufuniki: Namna ya kuchagua kifuniko cha kulalia mlimani

Saa nane usiku, kambi ya Karanga mlimani Kilimanjaro, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa Julai na anga halikuwa na wingu hata moja. Ndani ya hema pumzi yangu ilikuwa imeganda kwenye kitambaa, na kila upepo ulipolitikisa hema, chembe za barafu zilinidondokea usoni. Nilikuwa nimevaa kila nguo niliyopanda nayo: suruali mbili, sweta, koti, kofia na soksi jozi mbili. Nguo zote hizo zilikuwa ndani ya mfuko wa kulalia nilioukodi Moshi, baada ya mwenye duka kunihakikishia, "Dada, huu ni wa hasi ishirini na nne. Huu hata kileleni unalala." Meno yaligongana mpaka kukapambazuka.

Asubuhi kiongozi wetu, mtu mzima aliyezeeka na mlima huo, hakuniuliza kama nimelala. Aliniomba nibaki nimelala vilevile, akaingiza mkono chini ya mfuko, usawa wa kiuno changu, akaubana kwa vidole viwili. Kati ya vidole vyake hapakuwa na kitu zaidi ya vitambaa viwili. Kisha akagusa kigodoro, sponji jembamba lililokwisha kubonyea katikati. "Dada," akasema, "wewe umelala juu ya jiwe. Baridi yako haikutoka juu. Imetoka chini."

Makala haya yametokana na usiku ule, na safari mbili nilizofanya baadaye ambazo nililala kama mtoto. Siku hizi Mtanzania si mgeni tena kwenye kambi za Kilimanjaro. Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, vikundi vya maofisini, vyuoni na mitaani hujipanga kwenda kuuadhimisha Uhuru kwenye kilele kile ambako Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge mwaka 1961. Wanaojiandaa huuliza sana kuhusu viatu, dawa za kichwa na ada za kiingilio. Ni wachache wanaouliza watajifunika nini, na wengi wa wasiouliza hulipata jibu usiku wa tatu, wakiwa mbali na duka lolote.

Hesabu ya baridi

Anza na hesabu ndogo. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900. Usiku wa Julai mjini ukiwa na nyuzi 17, Karanga itakuwa na nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, na Barafu, iliyo karibu mita 4,670, itakuwa na nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri. Hiyo ni hewa peke yake. Bado hujahesabu upepo, wala hujahesabu anga jeupe la kipupwe ambalo huiacha ardhi ipoteze joto lake usiku kucha. Juni na Julai mvua ni chache na mandhari ni safi, lakini usafi huohuo wa anga ndio unaoleta usiku mkali.

Wengi huiogopa Barafu kwa jina lake tu. Lakini Barafu hulali mpaka asubuhi. Unakula mapema, unajinyoosha saa moja au saa mbili usiku, saa tano unaamshwa, saa sita unaanza kupanda kuelekea kileleni. Saa zenye baridi kali kuliko zote, zile za kabla ya jua kuchomoza, zinakukuta ukitembea. Usiku kamili wa kulala ni ule wa kambi zilizotangulia: Shira, Barranco na Karanga. Usingizi wa huko ndio unaoamua utafika Barafu ukiwa na nguvu kiasi gani. Mimi nilifika nikiwa nimekesha, na safari yangu ile ya kwanza ikaishia Stella Point, chini kidogo ya kilele. Kilele cha Uhuru nilikiona kwa mbali, nikageuka.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: chagua kifuniko kwa kuangalia usiku wa baridi zaidi utakaoulala mpaka asubuhi, kisha ongeza akiba ya nyuzi tano. Akiba hiyo ni ya uchovu, ya chakula ulichoshindwa kumaliza, na ya hewa nyepesi ya huko juu, ambako kila pumzi inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa Tanga au Dar es Salaam.

Joto ni lako mwenyewe

Hakuna kifuniko chenye moto ndani yake. Mwili uliolala hutoa joto la wati 70 hadi 80 hivi, kama balbu moja ya zile za zamani, na kazi ya kifuniko ni kulizuia joto hilo lisitoroke. Kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia. Manyoya au nyuzi zilizojazwa ndani zipo kwa ajili ya kuikamata hewa hiyo na kuifanya isicheze.

Ni vitu vichache vinavyoikamata hewa kwa uzito mdogo kama manyoya laini ya kifuani mwa bata bukini. Ubora wake hupimwa kwa namba: 600, 700, 800 na kuendelea. Maana yake ni rahisi. Chukua wakia moja ya manyoya, yaani gramu 28, uyaache yafure. Yale ya namba 600 yatajaza chombo cha karibu lita 10; yale ya namba 800 yatajaza lita 13. Uzito ni uleule, lakini hewa iliyokamatwa imezidi kwa lita tatu. Ndiyo sababu mifuko miwili yenye joto sawa inaweza kutofautiana uzito, na bei pia.

Sasa kumbuka vidole vya kiongozi wetu. Manyoya yakilaliwa, hewa yote inakamuliwa. Upande wa juu wa mfuko wangu ulikuwa na unene wa vidole vitatu. Wa chini haukuwa na unene wowote. Nilikuwa nimekodi kitu ambacho nusu yake haikufanya kazi.

Mfarishi wa msafiri

Kuna watu walioliona jambo hilo zamani wakaamua kuikata hiyo nusu. Marekani kuna njia za miguu ambazo mtu huzitembea kwa miezi mitano au sita. Ile ya Appalachian ina kilomita 3,500 hivi, kutoka Georgia mpaka Maine. Ya Pacific Crest ina karibu kilomita 4,265, kutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada. Huko msafiri hana mpagazi. Hema, chakula, maji na malazi yote yako mgongoni mwake, na baada ya wiki mbili anajua uzito wa kila kitu alichobeba.

Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, aliimaliza njia ya Appalachian peke yake akiwa hana hema wala mfuko wa kulalia. Alikuwa na blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Katika miaka ya 1990 Mmarekani mwenzake, Ray Jardine, akaeneza hoja iliyobadilisha malazi ya wasafiri wa namna hiyo: kama manyoya yaliyolaliwa hayana faida, ya nini kuyabeba? Ondoa upande wa chini, ondoa zipu, ondoa kofia. Bakiza upande wa juu, na sehemu ya miguu ishone kama mfuko. Upande wa chini uachie kigodoro.

Watu wa pwani wana neno tayari kwa kitu kilichoshonwa matabaka mawili na kujazwa katikati: mfarishi. Mfarishi wa msafiri unaostahimili nyuzi 7 chini ya sifuri unaweza kuwa na uzito wa gramu 600 tu, wakati mfuko wa kiwango hichohicho aghalabu hukaribia gramu 900. Kwa anayetembea kilomita 25 kwa siku kwa miezi mitano, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini mfarishi una adui mmoja, nao ni upenyo. Ukigeuka usingizini, ukingo unanyanyuka na hewa ya baridi inaingia mgongoni. Kwa hiyo anayeuchagua azingatie mambo matatu. Uwe mpana kiasi cha kumfunika hata akigeuka kila saa. Anayelala ubavu anahitaji mpana zaidi ya anayelala chali. Uwe na mikanda ya kuufunga kwenye kigodoro. Na kwa kuwa hauna kofia, awe na kofia nzito ya kulalia, inayofunika masikio na shingo.

Je, unafaa Kilimanjaro? Nimeujaribu mfarishi kwenye milima ya Usambara, nikitembea kutoka Lushoto mpaka Mtae, na siwezi kurudi kwenye mfuko kwa safari kama hiyo. Usiku wa Usambara unauma kidogo lakini hauui, na mzigo mwepesi ni raha mchana kutwa. Kwa kambi zilizo juu ya mita 3,500, hasa kwa anayepanda mara ya kwanza, jibu langu ni mfuko wenye kofia na kola shingoni. Huko juu usingizi ni wa mang'amung'amu. Utageuka mara nyingi, utaamka kwenda haja ndogo, na hasa ukiwa unameza dawa ya kuzuia maradhi ya mlimani, utaamka zaidi ya mara moja. Kila unaporudi unahitaji kitu unachokifunga mara moja na baridi ikabaki nje.

Namba tatu za lebo

Mifuko mingi ya kulalia hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537. Sanamu la mtu lenye vipimo vya joto huvishwa nguo za ndani ndefu na soksi, likalazwa juu ya kigodoro kizuri ndani ya chumba cha baridi. Matokeo yake ni namba tatu zinazopangwa kwenye lebo.

Namba ya kwanza ni ya faraja: katika baridi hiyo, mwanamke wa kawaida anaweza kulala amejinyoosha bila kuhisi baridi. Ya pili ni ya kikomo: mwanamume wa kawaida, akiwa amejikunyata, anaweza kumaliza usiku. Ya tatu ni ya hatari: mwanamke anaweza kustahimili saa sita asife, lakini joto la mwili wake linaweza kushuka mpaka kumdhuru. Hiyo ni namba ya kunusurika.

Niliporudi Moshi niliusoma mfuko wangu kwa mara ya kwanza. Lebo ilikuwa imefifia, ila namba zilionekana: hasi 1, hasi 7, hasi 24. Namba niliyosomewa dukani ilikuwa ya tatu. Iliyonihusu mimi ilikuwa ya kwanza, na hata hiyo ilipimwa mfuko ukiwa mpya.

Kwa hiyo soma namba ya kwanza, uwe mwanamke au mwanamume. Kwa Kilimanjaro tafuta mfuko ambao namba yake ya kwanza ni hasi 10 au karibu yake. Kwa mifarishi kuwa mwangalifu zaidi. Mingi haipimwi kwenye maabara, na namba inayotangazwa ni makadirio ya mtengenezaji, aghalabu yakikaribia ile ya pili. Ukiambiwa mfarishi ni wa hasi 7, uhesabu kuwa utakupa usingizi mtulivu kwenye hasi 1 au 2.

Usisahau chini

Hakuna kifuniko kitakachokusaidia kama kigodoro chako ni duni. Vigodoro vya kambi hupimwa kwa namba inayoandikwa pamoja na herufi R, na kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo kigodoro kinavyozuia zaidi baridi ya ardhi. Sponji la kawaida la kukunja lina R ya karibu 2. Hilo ni la usiku wa joto. Kwa ardhi inayoganda tafuta R ya 4 au 5. Uzuri wake ni kwamba namba hizi hujumlishwa: sponji la 2 ukiliweka chini ya kigodoro cha kupuliza cha 3, umepata 5. Safari yangu ya pili nilikodi mfuko bora kidogo tu kuliko ule wa kwanza, ila nikaweka vigodoro viwili, na Karanga ileile nikaamshwa na mlio wa sufuria za wapishi.

Wanaopita njia ya Marangu wana nafuu, kwa sababu Mandara, Horombo na Kibo zina vibanda vyenye vitanda na magodoro. Njia nyingine utalala kwenye hema, juu ya mawe.

Dakika thelathini dukani

Wengi wetu hatununui, tunakodi Moshi au Arusha, au tunachambua mitumba kwenye soko la Memorial mjini Moshi. Hakuna ubaya. Ila usikabidhiwe mfuko ukiwa umebanwa ndani ya kifuko chake ukauchukua hivyohivyo.

Utoe, utandaze sakafuni, ukung'ute, kisha usubiri nusu saa. Manyoya yenye afya hufura taratibu kama mkate unaoumuka. Uliobaki bapa umechoka, hata lebo yake iseme nini. Kisha uinue mbele ya dirisha au taa: mahali palipojaa patakuwa na kivuli, palipo patupu patapitisha mwanga. Mfuko wangu wa kwanza, nilipouinua mbele ya dirisha baada ya safari, ulikuwa na mwanga mtupu kifuani na miguuni, na manyoya yote yamekimbilia pembeni. Bonyeza kila chumba kwa vidole. Ukikuta mabonge, ujue yamegandishwa na jasho au yalilowa yakaachwa yakauke vibaya. Mwisho ingia ndani, lala, ufunge zipu ukiwa humo. Zipu inayong'ang'ania mchana dukani itakushinda usiku ukiwa na glavu.

Nenda pia na shuka lako jepesi. Fundi cherehani atakushonea kwa muda mfupi mfuko wa kitambaa chepesi wa urefu wako, wa kuingiza ndani ya ule wa kukodi. Utalala ndani ya usafi wako mwenyewe, na joto litaongezeka kidogo.

Manyoya yana udhaifu mmoja mkubwa: yakilowa, yanalala kama pamba iliyolowa na joto linakwisha. Anayekwenda Rwenzori, ambako mvua na ukungu haviondoki, au anayepanda Kilimanjaro wakati wa masika, afikirie mfuko wa nyuzi za poliesta. Ni mzito na mkubwa zaidi, lakini hata ukipata unyevu unabakiza sehemu ya joto lake. Mwenye manyoya auweke mfuko wake ndani ya plastiki imara kabla haujaingia kwenye begi.

Na ukishajifunika, lisaidie joto lako. Maliza chakula cha jioni hata kama hamu haipo, kwa sababu ndicho kuni za usiku. Vua nguo ulizotembea nazo, vaa kavu. Omba maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, uifunge vizuri, uiweke katikati ya mapaja, asubuhi utayanywa. Usipumulie ndani ya mfuko, maana pumzi ni maji. Jua likitoka, tandaza mfuko juu ya hema au jiwe wakati unakunywa chai, ukauke.

Aliyekubebea

Asubuhi ile ya Karanga, nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nilimwona kijana aliyebeba mzigo wangu tangu getini akitoka kwenye hema la wagumu, kama wapagazi wanavyojiita. Mkononi alikuwa na blanketi moja. Alilikung'uta, mwenzake akashika upande wa pili, wakalikunja pamoja. Walikuwa wamelala wawili ndani ya blanketi lile. Nusu saa baadaye aliweka mfuko wangu wa kulalia ndani ya mzigo wake na kutangulia. Mimi niliyelalamika usiku kucha nilikuwa na mfuko, kigodoro na koti. Sikuwahi kumuuliza yeye alikuwa na nini.

Sheria za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na mizigo hupimwa getini. Tangu mwaka 2003 mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo na kuyasukuma makampuni yawatendee haki. Kazi hiyo ni kubwa, lakini mteja ana nguvu kuliko anavyodhani, kwa sababu ndiye anayelipa.

Unapofanya mipango ya safari, uliza maswali mawili kabla hujatoa hata shilingi. La kwanza: mfuko nitakaopewa namba yake ya kwanza ni ngapi, na kigodoro chake ni cha aina gani? La pili: wagumu watakaopanda nami watalala katika hema gani, juu ya nini, na watajifunika nini? Uliza yote mawili, usikilize majibu. Kampuni inayoyajibu bila kusita ndiyo ya kupanda nayo.